Faiba Ipite Kwangu Kwanza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Faiba imefika kijijini kwetu Kabazi! Nimeiona kwa macho yangu mwenyewe. Ni waya nyeusi, nyembamba kuliko kamba ya kufungia ndama, imening'inia kwenye nguzo mpya za barabarani. Nilisimama chini yake nikatega sikio. Haivumi kama stima. Haina harufu. Nilibaki nikijiuliza intaneti yote hiyo inapitaje mle ndani bila kusongamana.

Habari hii si ndogo kwa nyumba yetu. Binti yetu Chelangat hujibu maswali ya wateja wa ng'ambo kwa kompyuta, na amekuja kutoka Nairobi kwa likizo. Mkubwa wake wa kazi amemwambia anaweza kufanyia kazi popote, bora intaneti isikatike. Sasa, hapa kwetu netwaki inapatikana mahali pamoja tu: nyuma ya choo, ukiwa umesimama juu ya ndoo. Jana, ingawa yuko likizoni, alikuwa akimtuliza kwa simu mteja mmoja mwenye hasira, ng'ombe akalia, na mteja akauliza kama kuna mtu ameumia. Kwa hivyo likizo ikiisha anarudi Nairobi. Isipokuwa tupate faiba.

Mimi sitaki arudi. Naandika hapa kwa sababu mbele yake siwezi kusema. Tangu aje, nyumba ina sauti. Hata mama yake, Jepkemboi, ameanza tena kuimba akikamua.

Tatizo ni moja. Nguzo ya mwisho imesimama langoni kwa Nderitu.

Nderitu ni jirani yangu wa upande wa juu. Bomba la mradi wa maji hupitia kwake kabla ya kufika kwangu. Kila kiangazi yeye humwagilia kabeji zake mpaka zinapendeza, na mimi hufungua mfereji wangu nikasikia upepo. Nimekuwa mwenyekiti wa laini yetu ya maji kwa miaka mingi, kwa hivyo hakuna wa kunifundisha mambo ya mabomba. Kitu kikipitia kwa Nderitu kwanza, wewe unapata mabaki.

Nimeamua. Faiba ipite kwangu kwanza, kisha ndiyo iende kwa Nderitu.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi wa faiba amekuja. Anaitwa Sue. Mwanamke mfupi, kofia ngumu kichwani, ngazi ndefu juu ya pikapu. Ametazama nyumba, akatazama barabara, akasema kazi ni rahisi, ataweka posti moja kwenye kona ya shamba la jirani, waya ivuke, tumemaliza. Nimemwambia hapana. Nimemwonyesha njia nyingine, ya kuzunguka huku chini kwenye mto, kisha ipande mpaka kwangu. Amesema waya haitoshi, na hata ingetosha, kampuni haiwezi kuzungusha waya kijiji kizima kwa sababu ya mzee mmoja.

Basi nikamuuliza maswali, kwa kuwa si kila siku mtu anapata fundi mlangoni. Kwa vile nyumba yangu iko bondeni, je, intaneti itashuka kwa nguvu zaidi? Baridi ya Julai inaweza kuigandisha? Na ile iliyokwisha kutumika, inaenda wapi? Kwa swali hili la mwisho akasema, "Mzee, ebu kwanza nipige simu."

Aliporudi nikamuuliza lile lililokuwa likinikera. Nderitu akifungua yote, mimi nitabakiwa na nini? Akasema faiba si maji, kila nyumba ina fungu lake, hakuna wa kumnyang'anya mwingine.

Ndivyo watu wa maji walivyotuambia pia, kwenye mkutano wa kwanza kabisa.

Atarudi Ijumaa na waya. Amesema nisipokuwa nimepata ruhusa ya jirani kufikia hapo, atahamia kazi ya kule Bahati, na hajui lini atarudi huku. Chelangat alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno. Akachukua ndoo yake akaenda nyuma ya choo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nataka hilo lijulikane.

Kwenye mradi wa maji, kila nyumba huchimba mtaro wake. Ukishachimba, watu wa mabomba hawawezi kukataa kulaza bomba. Sijawahi kuona wakikataa. Basi nikaona nichimbe mtaro kando ya ua wa mpakani, kutoka kwangu mpaka barabarani, utokee kabla ya lango la Nderitu. Sue akija kesho ataukuta tayari. Ataona aibu kuuacha wazi.

Nilimwambia Jepkemboi napanda nepia, nyasi za ng'ombe. Akauliza ni nepia gani inayopandwa kwa mstari mmoja mpaka barabarani. Nikamwambia ni ya kisasa.

Nilichimba vizuri mpaka karibu na barabara. Halafu sururu ikagonga kitu laini, na maji yakaruka juu kunipita kichwa. Lilikuwa bomba kubwa la mradi. Bomba ambalo nilililaza mimi mwenyewe, nikasimamia, nikapigwa picha nimesimama juu yake.

Nderitu akatokea upande wa pili wa ua, na gambuti zake za mpira miguuni zimejaa udongo. Nilijua leo nitatukanwa. Hakunitukana. Alivua sweta, akatoa mfukoni kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akashika bomba kwa mikono miwili huku mimi nikifunga. Tulilowa wote wawili mpaka ndani. Tulipomaliza akaniuliza, polepole, nilikuwa natafuta nini pale. Nikasema fuko. Akatazama mtaro mwanzo hadi mwisho, akasema huyo fuko lazima awe na familia kubwa.

Mchana kutwa simu yangu imelia. Mlima mzima hauna maji, na watu wanamtaka mwenyekiti awaambie ni mjinga gani amepasua bomba. Nimewaahidi uchunguzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi Jepkemboi aliniambia nichague: niende kwa Nderitu kuomba kona, au aende yeye, na akienda yeye ataeleza pia habari za nepia. Nikatia mursik, maziwa yetu ya kuganda, kwenye kibuyu nikaenda.

Wangu, mke wa Nderitu, alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Chai, viazi vitamu, kiti chenye mto. Tukazungumza habari za mvua. Tukazungumza ugonjwa wa viazi. Tukazungumza ng'ombe wao aliyevimba kiwele, nikashauri, wakashukuru. Kwetu mtu haweki shida yake mezani kabla ya kikombe cha pili. Nilipofika cha pili nikaona heri cha tatu.  Nilikuwa namwona Chelangat akilini amebeba begi lake, na bado nikauliza kama mbolea imefika dukani.

Honi ya pikapu ya Sue ikalia langoni. Nikatazama ndani ya kikombe.

Nderitu akasema, "Sasa wewe Kiptum, si useme tu unataka kona?"

Kumbe Sue alipita kwake tangu Jumanne, na yeye akakubali hapo hapo. Shimo la posti amelichimba mwenyewe jana. Ndiyo maana zile gambuti zilikuwa na udongo. Alikuwa akingoja tu mimi nije kunywa chai, kwa sababu, alisema, hatujakaa pamoja tangu tulipozozania maji kile kiangazi cha kabeji. Wangu akaongeza kwamba watoto wao wote wako mbali, na akisikia Chelangat akicheka huku chini naye hufurahi. Nikaona haya. Naandika kwa ukweli, niliona haya sana.

Halafu nikauliza, kwa kutaka kujua tu, kama wao pia wanaunganishiwa. Nderitu akasema ndiyo, kwenye posti ile ile. Waya yake kwanza, kisha yangu.

Nikamalizia chai yangu. Lakini nimelisikia.

Kazi yenyewe ilikuwa ajabu. Sue ana kitochi kidogo cha kupimia. Alikiwasha kule kwenye posti, na huku sebuleni ncha ya waya ikang'aa nyekundu kama kaa la moto! Mwanga umetoka kwa Nderitu, umepinda kwenye mpera, umepinda tena kwenye dirisha, umefika. Nilitaka kuchungulia ndani akanikataza, akasema nitaharibu jicho. Akanieleza kwamba ndani ya waya ni kioo. Kioo kinachopinda! Nimeishi miaka yote hii bila kujua jambo hilo. Nilimwomba kipande kilichobaki, akanipa, akanywa mursik, akaondoka. Nimekikunja na kukikunjua jioni nzima. Jepkemboi amesema nikichomwa na kijisindano cha kioo nisimwite.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya majaribio. Mkubwa wake Chelangat alikuwa akimfuatilia kwenye kompyuta tangu asubuhi. Ikikatika, Nairobi. Isipokatika, Kabazi.

Nilihamisha ng'ombe mpaka mwisho wa shamba. Jogoo nilimfunika kwa tenga. Mimi mwenyewe nilikaa nje ya mlango wa chumba cha Chelangat nikisikiliza, na kila aliponyamaza kidogo, moyo wangu ulinyamaza naye. Mara moja alifungua mlango ghafla akanikuta nimepiga magoti. Nikamwambia natafuta kifungo.

Haikukatika. Jioni alitoka akinyoosha mgongo, akasema, "Baba, sirudi Nairobi. Wamekubali." Jepkemboi akapiga vigelegele, na kule juu kwenye ua nikasikia Wangu akimjibu. Mimi nilisema ni vizuri, nikaenda kumtazama ndama. Nililia huko zizini kama mtoto. Ndama hakujali.

Jumamosi, 16 Agosti

Vitu vya Chelangat vimewasili kutoka Nairobi. Kitanda, meza, masufuria, na maua ya plastiki ambayo Jepkemboi ameyapa mahali pa heshima. Nderitu alikuja kusaidia kubeba godoro, akalibeba kwa kichwa peke yake. Jirani mzuri sana. Sina neno baya juu yake.

Ila kile kisanduku cha intaneti sebuleni kina taa moja inayowaka na kuzima, kuwaka na kuzima, bila kupumzika. Nimekaa mbele yake siku nne nikiitazama. Leo nilikwenda kwa Nderitu kwa kisingizio cha kurudisha sweta aliyoiacha siku ya bomba, nikachungulia kisanduku chake. Taa yake inawaka na kuzima haraka kuliko yangu.

Nilimpigia Sue. Amesema hiyo ni alama kwamba intaneti inapita. Nikamuuliza, inapita kwenda kwa nani? Simu ikakatika.

Mimi mambo haya nayajua. Kitu kinachokwenda na kusita, kwenda na kusita, kinavuja mahali, na mahali penyewe ni pale juu ya posti, zinapogawanyika ile yake na yangu. Sina kinyongo. Nitafunga tu pale kwa mpira wa tyubu kuzuia uvujaji, na upande wa Nderitu nitaukaza kidogo. Nusu mzunguko. Hata hatagundua.

Kesho yeye na Wangu watakuwa kanisani. Mimi nitaumwa mguu. Wateja wa Chelangat hawana Jumapili, ataanza kazi asubuhi, na awali nilifikiri nipande ngazi kabla hajaanza. Lakini la, nitapanda akiwa katikati ya mazungumzo, ili aone papo hapo jinsi ilivyoongezeka, na ajue kwamba baba yake alifanya kitu ili akae.

Jepkemboi ameniona nikipaka spana mafuta. Ameuliza ni ya nini. Nimemwambia kuna fuko.