Ndege ya Mwezi wa Sita

Habari ilifika kijiweni kabla chai haijachemka, maana aliyeileta ni Fidelis, na Fidelis hatukumwita Redio bure. Aliegemeza baiskeli kwenye kibanda cha fundi, akavuta pumzi, akatangaza kama anasoma taarifa ya habari ya saa mbili:

"Kiwanja cha ndege kinakatwa viwanja!"

"Kitakatwaje viwanja wakati chenyewe ni kiwanja?" akauliza Hermenegildi bila kuinua macho kwenye mpira wa baiskeli aliokuwa anauziba. Huyu ndiye fundi wetu. Aliwahi kufungua mashine ya kukoboa mpunga akaifunga tena zikabaki nati tatu tu, basi tangu siku hiyo ni Injinia.

"Viwanja vya kujenga nyumba, we mtu! Ofisi ya ardhi wanasema ndege haijatua tangu mwezi wa tano, kwa hiyo kiwanja kimekufa. Mwenye ushahidi kwamba kiko hai apeleke kwa maandishi kabla ya Jumatatu, siku ya kupiga vigingi."

Sote tukamgeukia mzee Alfonsi, aliyekaa mwisho wa benchi na kofia yake ya kazi magotini. Kiwanja chenyewe ni utepe wa nyasi kando ya njia ya kwenda Idete, kimeachwa na mradi wa mpunga uliokufa zamani, na kwa mwezi mara moja huja ndege ndogo ya daktari. Miaka kumi na nane Alfonsi ndiye anayefyeka nyasi, anafukuza mbuzi, na ndege ikitokea anasimama katikati kupunga kitambaa. Ndiyo maana tunamwita Mnara, kama ule wa kuongozea ndege. Kibanda anacholala kiko pembeni ya nyasi hizo, watoto wake wote wamezaliwa humo. Kiwanja kikienda, kibanda nacho kinaenda, na mzee mwenye goti bovu anarudi kulima bondeni kwenye maji ya magotini. Niseme ukweli, moyo uliniuma.

"Lakini rubani anapita kila mwezi," Mnara akasema kwa unyonge. "Mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Anazunguka mara mbili, anatikisa mabawa, anaondoka. Anatusalimia."

"Kijana ana adabu sana," nikaunga mkono.

"Salamu si ushahidi, Katibu," Redio akanijibu. Mimi ndiye Katibu, jina langu Eustaki, kwa sababu hapa kijiweni ni mimi tu mwenye kalamu inayoandika. "Ushahidi ninao mimi."

Akatoa bahasha kubwa ndani ya shati, imelowa jasho. Mpwa wake Teddy anafanya kazi Dar kwenye ofisi yenye kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu, na katika waya huo, akasema Redio, mna dunia nzima. Teddy alipekuapekua akaikuta picha ya kwetu, imepigwa na setilaiti mwezi wa sita, akaichapa kwenye karatasi akaituma na basi.

"Setilaiti ndiyo nini?" Injinia akauliza.

"Ni chombo kiko juu huko, kinapiga picha kila kitu."

"Kila kitu? Bafu langu halina paa!"

"Ndiyo, na mwezi wa sita ulikuwa ukioga. Teddy amesema sabuni haikuonekana."

Tulicheka mpaka Mama Levina wa chai akatugombeza tusije tukaangusha birika. Injinia hakucheka. Alitazama juu, akavuta shati lake chini kidogo.

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye vumbivumbi kama televisheni isiyo na antena. Redio akaitandaza kwenye benchi, akaishikilia kwa vikombe vinne. Tukaona barabara, tukaona mashamba, tukaona utepe wa kiwanja. Na upande mmoja wa utepe, kitu cheupe kinachong'aa, chenye kiwiliwili na mabawa mawili.

"Ndege!" Mnara akasimama, goti bovu likasahau ubovu wake.

"Ndege kabisa," Injinia akaweka mpira chini. Hapo ndipo utaalamu ulipomwagika. "Hii ni ya injini mbili. Hizi hapa, nukta mbili, chini ya bawa. Na imefungwa breki, angalia ilivyotulia."

"Abiria hawa wanashuka," Redio akaonyesha vidoa pembeni. "Wanne. Huyu mnene ni mkubwa fulani."

"Na huyu mdogo mkiani?" nikauliza.

"Huyo ndiye fundi wao anakagua mkia."

"Mbona mimi sikuiona ikitua?" Mnara akauliza taratibu.

Swali zuri, na watu wenye akili wangelishika. Sisi tulimjibu watatu kwa pamoja. Injinia akasema injini za siku hizi hazina kelele. Redio akasema huenda ilitua wakati yuko Kiberege msibani. Mimi, kwa aibu ninayoibeba mpaka leo, nikasema: "Mzee, picha haidanganyi. Macho yako ndiyo yanazeeka." Mzee wa watu akayafikicha macho, akakubali.

Nikatoa kalamu. Barua ikatoka nzito: "Sisi wakazi tuliotia sahihi hapa chini tunathibitisha kwamba mwezi wa sita tuliishuhudia kwa macho yetu ndege kubwa ya injini mbili ikitua, ikashusha abiria wanne akiwemo mheshimiwa mmoja mnene." Redio akasaini. Injinia akaweka sahihi na grisi. Mnara akaandika jina lote kwa herufi kubwa.

"Mama Levina, njoo na wewe utie sahihi," nikamwita.

Mama Levina, Digna kwa jina lake, mpika chai wetu na mwenye ekari mbili za mpunga, akafuta mikono kwenye kanga akainama. Aliitazama picha muda mrefu. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anayehesabu kuku akaona wamepungua.

"Hii ndege yenu," akasema, "mbona ni turubai zangu?"

"Turubai gani?"

"Zile za lori. Mbili. Si ndizo naanikia mpunga pale kiwanjani tangu mwezi wa tano? Hiyo injini yenu ni gunia, na hiyo nyingine ni gunia. Abiria ni magunia. Mheshimiwa mnene ni gunia la pumba. Na fundi wa mkia ni mbuzi wa mzee Alfonsi, ambaye sasa hivi pia yuko palepale. Geukeni basi!"

Tukageuka. Ndege ilikuwa hatua mia moja kutoka kwenye benchi letu. Ilikuwa hapo jana, juzi, na miezi yote tuliyokunywa chai tukiitazama kwa ubavu, imelala chini, imejaa mpunga. Hatukuwa tumewahi kuiona kwa juu. Mbuzi alikuwa mkiani, anakagua.

"Mh," akasema Injinia. "Lakini breki imefungwa, hapo sikukosea."

"Tuipeleke barua hivyohivyo," Redio akanong'ona. "Ofisini nani atajua?"

Tulikuwa bado tunapima wazo hilo, na nakiri nililipenda, alipofika Paskalina, muuguzi wa zahanati, anasukuma baiskeli yenye pancha.

"Shikamoo mzee Alfonsi. Hamjambo wengine? Mzee, jana nilikuwa Ifakara mjini nikakutana na rubani wa daktari. Anauliza kiwanja mtakifungua lini?"

"Kimefungwa na nani?" Mnara akashangaa. "Tumemwachia nusu nzima, si inamtosha?"

"Anasema mmeweka msalaba mkubwa mweupe juu ya nyasi. Kwa marubani msalaba wa namna hiyo maana yake kiwanja kimefungwa, usitue. Kila mwezi anakuja, anauona, anaondoka. Wagonjwa wangu nawapeleka mjini kwa baiskeli."

Vichwa vyote vikageukia turubai. Kisha Mama Levina akanyoosha kidole, na hakunyoosha kwa Mnara.

"Si wewe, Katibu, uliyeniambia nizitandike msalaba?"

Ni mimi. Mwezi wa tano mawingu yalitanda, mpunga wake ukiwa nje, nikamwambia atandike turubai moja hivi na nyingine hivi, mvua ikiona msalaba itapita kando. Mvua ikapita kando. Nilijisifu miezi mitatu, hata padri nilimsimulia. Kumbe niliyempitisha kando ni daktari, na mzee niliyemwandikia barua ya kumwokoa ndiye niliyekuwa nimemfungia kiwanja. Nilitamani ardhi inimeze na kalamu yangu.

"Katibu," Mnara akaniita. "Wewe..."

"Subiri, mzee," Paskalina akamkatiza kwa heshima. "Kuna la pili. Anauliza kwa nini unampungia kitambaa chekundu kila akija. Chekundu kwao ni kumfukuza."

Mnara akaitoa mfukoni ile bendera yake ya miaka kumi na nane, akaitazama pande zote mbili, akaikalia.

"Sasa hiyo miaka mingine alikuwa anatuaje?" akauliza.

"Alisema aliona una sura ya ukarimu."

Barua niliichana mwenyewe. Kisha tukaenda kiwanjani wote, Redio na Injinia ncha moja, mimi na Mnara nyingine, tukaikunja ndege yetu, injini na mheshimiwa tukawabeba mabegani mpaka uani kwa Mama Levina. Mbuzi alitufuata analalamika. Njia nzima Mnara alinipa mgongo.

Paskalina akapeleka ujumbe, na Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili na tatu kabla ya vigingi, tukausikia mngurumo. Tulikubaliana kwamba safari hii mtu asifanye lolote lenye maana kwa marubani. Tukajipanga pembeni, mikono mfukoni, hakuna kupunga, hakuna kutabasamu. Injinia alivua hata kofia yake nyekundu akaikalia. Ndege ikazunguka mara moja, ikashuka, ikagusa nyasi, ikasimama mbele ya Mnara. Paskalina akaiandika kwenye daftari la zahanati, tarehe na saa, ushahidi wa maandishi usiohitaji setilaiti.

Mnara alinishika mkono akanifinya mpaka ukauma. Machozi yalimtoka, na mimi pia.

Rubani akafungua mlango, akatutazama tulivyokauka mstari mmoja, akateremka polepole akiwa na wasiwasi usoni.

"Wazee," akasema, "mbona leo hamnisalimii? Nimewakosea nini?"