Umeme ni Umeme

Jumatatu, 9 Juni 2025

Gari limekufa. Wiki tatu tu tangu nilinunue! Nazungusha ufunguo, linasema tik, kisha kimya.

Kosa si langu. Jana baada ya ibada nililiegesha Mwaloni, karibu na soko la samaki, nikafungua milango yote minne na kuweka muziki ili watu wapate burudani. Saa nne nzima. Mimi nimeketi pembeni, mguu juu ya mguu, nala sato. Watu walifurahi sana. Betri ndiyo haikufurahi.

Jambo ni zito. Jumamosi baba mdogo Ngosha anapeleka barua yangu ya posa Usagara, kwa Mzee Kahigwa, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Bukoba, baba yake Leonsia. Bila Leonsia sioni nitaishije, nasema kweli. Desturi iko wazi: muoaji haonekani siku ya barua. Lakini gari lazima lionekane! Nimepata njia. Nitakuwa dereva. Kofia, miwani nyeusi, nabaki ndani ya gari. Mzee hajawahi kuniona. Nani humtazama dereva?

Jumanne, 10 Juni

Jirani yangu Nathaniel ana pikapu kuukuu ambayo haijawahi kukataa kuwaka. Inaniudhi. Leo ameleta waya zake, akaunga betri yake na yangu, akanibusti, gari likawaka. Akashauri nilipeleke kwa Yakobo, fundi umeme wa magari, kwa sababu betri ikifa kabisa gari husahau mambo mengi. Nikamkumbusha kwamba huu ni mwaka wa saba nauza balbu na soketi hapa Kirumba. Umeme ni umeme.

Ila kweli limesahau. Saa yake inasema ni saa saba. Redio imegoma kuimba. Kila nikiwasha, mwanamke wa Kijapani anaongea maneno marefu kwa upole, kisha basi. Kioo cha dereva kinashuka, hakipandi. Milango inajifunga yenyewe ikijisikia.

Nathaniel ameniachia waya zake ndani ya buti. Eti kwa tahadhari. Dharau hiyo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetengeneza! Peke yangu!

Kumbe kile kichwa cha waya kinachobana betri kilikuwa kimelegea. Fundi angeweka kipya. Mimi nimekata kopo la soda, nikakunja kipande, nikakichomeka katikati. Kimebana. Akili ni mali.

Nathaniel akachungulia bila kuitwa. Akasema kwenye tuta la barabarani kipande kitacheza, umeme utakatika na kurudi, na alamu itadhani gari linaibiwa. Tena rimoti ya alamu nayo betri imeisha. Nikamwambia betri moja kwa wiki inatosha. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mwenye pikapu hakosi wivu.

Kioo bado hakipandi. Si neno, dereva anahitaji hewa.

Jumamosi, 14 Juni

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Asubuhi ilianza vizuri. Baba mdogo Ngosha akaingia na koti lake la sherehe, barua mfukoni. Nikawasha gari. Mwanamke wa Kijapani akasema yake. Baba mdogo akavua kofia, akamwamkia mwangaluka kwa Kisukuma, kwa heshima zote, kisha akaniuliza mama huyo ni wa ukoo gani na mbona hajibu salamu.

Matuta ya Buhongwa tukayavuka salama. Usagara pia. Likabaki tuta moja, dogo, juu kidogo ya geti la Mzee Kahigwa.

Puu! Umeme ukakatika. Ukarudi. Alamu! Injini ikazima, honi ikaanza pii, pii, pii, taa za pembeni zote nne zinawaka na kuzima. Nikabonyeza rimoti. Maiti. Katika kubonyeza nikasahau breki, na mteremko ukatupitisha geti lililokuwa wazi, ukatuingiza uani mpaka kwenye migomba ya Mzee.

Sasa, gari likiingia uani kwa mtu siku ya Jumamosi, linapiga honi bila kukoma na kuwasha taa zote, kila mtu anajua maana yake. Bwana harusi kaja kuchukua mke! Wanawake wa jirani wakatoka na vigelegele. Mmoja akacheza na beseni la dagaa kichwani. Mwingine akalalamika kwa sauti kwamba harusi imefika na yeye hajapewa hata kadi ya mchango. Barua yenyewe bado iko mfukoni!

Nikajaribu kumfungulia baba mdogo. Milango ilikuwa imejifunga. Ikabaki njia moja, kioo changu. Baba mdogo ni kilo mia na ushee. Alinipanda mapajani, akatoa kichwa, mabega, tumbo likakwama. Barua ameibana kwa meno. Goti lake likaangusha kofia yangu na miwani yangu. Na hapo Leonsia akatoka jikoni, akaniona, akapiga kelele: "Luhende! Umefuata nini?"

Uani kote wakajua mimi ni nani.

Mzee Kahigwa alikuwa barazani, mikono nyuma. Baba mdogo, nusu ndani nusu nje, akaitoa barua mdomoni, akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akapokea barua yenye alama za meno, akaingia ndani. Hakuaga. Leonsia ndiye aliyepenyeza mkono dirishani, chini ya tumbo la baba mdogo, akavuta kishikio cha boneti, akachomoa waya wa betri. Honi ikakoma. Akaniambia niondoke kabla baba hajatoka tena.

Nimerudi Kirumba nikivutwa na pikapu ya Nathaniel. Hakucheka. Hilo liliniuma zaidi.

Jumatano, 18 Juni

Jibu limekuja! Leonsia amelileta mwenyewe, uso umekaza.

Baba yake anasema kwa kawaida angechana barua. Lakini amefundisha miaka thelathini na sita, na hata mwanafunzi mzito hupewa mtihani wa marudio. Jumamosi saa tatu kamili asubuhi niende na baba mdogo, kwa gari lile lile. Niingie kimya, nizime, niwashe tena mbele yake. Asiyeweza kutunza betri, anasema, asimguse binti yake. Nisipofika saa tatu, barua inarudi na mazungumzo yameisha.

Leonsia akanipokonya ufunguo, akalipeleka gari kwa Yakobo. Ndani ya saa moja kila kitu kimerudi: kioo, milango, alamu, redio. Yakobo akaonya kwamba betri yenyewe imechoka. Nisisikilize redio injini ikiwa imezima, na taa ya ndani nisiiache ikiwaka. Leonsia akanitaka nirudie maneno hayo. Nikarudia yote, neno kwa neno. Akatabasamu kidogo. Nikaona bado napendwa.

Ijumaa, 20 Juni

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Naandika nikiwa ndani ya gari. Limeoshwa, linang'aa, wapita njia wanageuka. Kesho ndiyo siku!

Nathaniel alikuja tangu saa tisa. Alitaka kuahirisha safari yake ya Magu ili kesho awe karibu. Nikamrudishia waya zake, nikamwambia asafiri kwa amani, hapa hakuna mgonjwa. Ameshaondoka. Pikapu yake iliwaka mara moja, kama kawaida yake ya kujionyesha.

Tangu saa kumi nimekaa humu nafanya mazoezi. Kioo juu, kioo chini. Kinapanda! Redio inaimba Kiswahili safi. Injini nimeizima, nisipoteze mafuta. Giza linaanza kuingia, nimewasha taa ya ndani ili niandike vizuri yale nitakayomwambia Mzee kuhusu utunzaji wa betri.

Ila mwandiko siuoni sawasawa. Mistari inafifia. Redio nayo imepunguza sauti yenyewe, nadhani kwa adabu. Haya ni macho tu, nimeyachosha kwa mawazo ya posa.

Jumatatu nikapime miwani.