Daini Milioni Nne

Jumatatu, 6 Machi
Mvua. Nyumba kimya. Mke wangu bado yuko kwa mama yake, alikokwenda kupumzika. Hakusema anapumzika kutokana na nini. Sikuuliza, maana nilihisi jibu ni mimi.

Dukani ninakopeleka kuuzwa, kulabu zangu za ukutani zimejaa vumbi. Nazikunja mwenyewe kwa waya. Kando yake ziko za shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea. Nene, mbaya, na zinakwenda kama njugu. Ameandika kwenye boksi: "Hubeba nyutoni 600." Yaani kilo sitini. Jioni nikaning'iniza ndoo kwenye kulabu yangu, nikatia maji kidogo kidogo. Ilipopita kilo nne ikanyooka taratibu, kama mtu aliyekata tamaa. Nyutoni arobaini. Nani atanunua arobaini penye mia sita?

Jumanne, 7 Machi
Dawa imepatikana. Kumbe kuna kipimo cha nguvu kiitwacho daini. Kidogo mno, mbu akitua mkononi mwako amekulemea daini mbili. Nyutoni moja ina daini laki moja. Basi arobaini zangu ni daini milioni nne. Nimeandika hivyo kwenye boksi kwa wino mwekundu. Si uongo. Hata hakimu angenipa mkono.

Kufikia mchana boksi lilikuwa nusu. Mwenye duka aliuliza daini ni kitu gani. Nikamwambia ni kipimo cha wataalamu. Shemeji alisoma maandishi yangu mara mbili, akajikuna kichwa, akaondoka. Siku njema kidogo.

Jumatano, 8 Machi
Mama mkwe anataka kutundika sebuleni picha ya marehemu mume wake. Fremu ya mbao ngumu, kioo kizima. Shemeji alileta kulabu zake. Nikafika na zangu, nimechana nywele. Mama mkwe akavaa miwani, akasoma maboksi yote mawili.

"Wanangu, mia sita na milioni nne hazikai meza moja," akasema, akachagua zangu.

Shemeji akamwambia picha ina kilo kumi na mbili, tuangalie vizuri. Mama akamjibu aache wivu.

Kilo kumi na mbili ni nyutoni mia na ishirini. Hapo ningeweza kusema. Lakini mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama kama zamani. Nikapigilia kulabu tatu. Tatu mara arobaini, mia na ishirini kamili, bila baki. Nikaona ni ishara. Nilipokunywa chai, mke akasema huenda Jumapili akarudi nyumbani.

Alhamisi, 9 Machi
Picha imeanguka. Hakuna aliyeumia. Nilipofika, mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, anatoa vipande vya kioo usoni mwa mumewe, kimoja kimoja. Hakulia kwa sauti. Bora angenitukana. Shemeji aliokota kulabu iliyonyooka, akaniwekea kiganjani.

Mke wangu aliniuliza swali moja tu: ulijua? Nikasema inategemea kwa kipimo gani. Akaingia chumbani.

Ijumaa, 10 Machi
Mwenye duka amenirudishia boksi. Anasema makoti ya watu yako chini mtaa mzima.

Mke alipiga simu. Ameondoa sifuri tano kwenye milioni nne, zikabaki arobaini. Akasema tangu tuoane kazi yake ni hiyo, kuondoa sifuri kwenye maneno yangu, na sasa amechoka. Nikamwambia hesabu yake ni sahihi. Nilidhani atafurahi. Akakata simu.

Jumapili, 12 Machi
Nimekwenda kuomba radhi. Safari hii nilijiandaa. Nimegundua kosa langu: nilitumia kipimo kidogo. Nikamweleza mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba kuna kipimo kikubwa, meganyutoni, ambacho ni nyutoni milioni moja. Kwa kipimo hicho, uzito wa picha ya marehemu ni sifuri nukta sifuri sifuri sifuri moja mbili. Kwa hiyo kilichoanguka, kitaalamu, ni karibu na hakuna.

Mama alinitazama sana. "Baba, nenda nyumbani," akasema. Akafunga mlango polepole.

Shemeji alinisindikiza hadi barabarani. Sikuutegemea wema huo. Akasema dada yake ameomba mwaka mmoja wa kukaa peke yake, ndipo aamue. Akasema pole. Nadhani hakutania.

Nimerudi. Nilikaa sana na viatu mguuni. Mwaka mmoja. Kisha nikachukua kalamu. Mwaka mmoja ni karne sifuri nukta sifuri moja. Ni kama kesho tu.

Nimetandika upande wake wa kitanda.