Sauti Ndani ya Boksi la Maji

Jumatatu, 9 Februari 2026
Kamati ya maji Makere imenipa boksi la pampu kwa majaribio. Kikompyuta cha Linux ndani ya kasha la bati. Alfajiri kinafungua bomba na kutangaza zamu kwa spika. Ijumaa wanachagua fundi wa kudumu: mimi au Mansuri wa Kibondo, mwenye cheti na manukato. Nimejipanga. Programu zote hukaa folda moja inayojulikana. Yangu, yenye sauti yangu, nimeiweka folda ya muda. Mansuri apekue mpaka achoke. Watanihitaji daima.

Jumanne, 10 Februari
Betri ya sola iliisha. Folda ya muda hufutika umeme ukikatika. Niliwahi kusoma hilo, nikadhani ni la wengine. Boksi likaamka, likakosa programu yangu, likachukua ya zamani. Ikatoka sauti ya Mpawenimana, mwenyekiti tuliyemzika Novemba. Akaita zamu, na kikohozi chake. Watu wakaacha ndoo. Mjane wake, mama Dorcas, peke yake alisogea, akaiitikia spika "mwakeye", salamu yetu ya asubuhi, akakinga maji.

Jumatano, 11 Februari
Mzee Tharsisi wa kamati kaniita. Kasema mwanangu, sisi tuliomba maji, wafu tunao. Sauti isipoondoka, kazi anapewa Mansuri. Mama Dorcas naye kaja. Kaomba nimwachie angalau kikohozi. Nimemwambia nitaangalia. Nimefuta folda yote ya zamani. Yangu nimeipakia upya, nikaificha kwenye folda ya printa. Makere nzima haina printa.

Alhamisi, 12 Februari
Imeita tena. Nimepekua boksi lote, hakuna faili la sauti ile. Leo imeita kwa majina. Ikamtaja na Divine, mjukuu wake. Divine kazaliwa wiki jana.

Ijumaa, 13 Februari
Mansuri kaja kwa bodaboda. Kafungua kasha, kasikiliza, kafunga. Kamwambia mzee Tharsisi kwamba mama yake anaumwa, kaondoka, bisibisi kaacha juu ya kasha. Kwa hiyo kazi ni yangu. Hakuna mwingine anayeitaka.
Wakati natia saini, spika ikakohoa. Ikasema, taratibu, fundi, rudisha vitu mahali pake.
Kamati yote ikanitazama.
Ni Mansuri huyo, kwa wivu tu. Anajifanya kukimbia kumbe kaacha mtego. Nimeshapata folda ya ndani zaidi ya kuificha yangu. Huko hata yeye hafiki.