Kigingi Namba Kumi na Mbili

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya tatu ya Januari, karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa mkahawa wa bwawa la Thorpe Ings. Raistrick, mwenye bwawa, alikuwa amezunguka na mashua siku ya Alhamisi, kabla maji hayajaganda, akiwa na kifaa kinachoonyesha kilichomo chini ya maji. Matokeo aliyachora kwa kalamu nyekundu. Bwawa lina vigingi ishirini na vinne vyenye namba, na kila mvuvi hukaa kwenye kigingi kimoja. Karibu samaki wote aliowapandikiza humo, tani tatu kwa makadirio yake, walikuwa wamejikusanya mbele ya vigingi vinne tu, namba kumi na moja hadi kumi na nne, mita kumi na tatu kutoka ukingoni. Mbele ya vigingi ishirini vilivyobaki kifaa kilikuwa kimeona tope na baiskeli moja.

"Haya sasa!" alisema Selwyn Ackroyd, akiigonga karatasi kwa kijiko. "Miaka kumi na tisa nawaambia nimeangukia kigingi kibovu, mnanicheka. Leo sayansi imeongea."

Kwa sababu hiyo hiyo ya miaka kumi na tisa, jina lake pale ni Kigingi.

"Sayansi inasema vibovu ni ishirini," alijibu Horace Pickersgill bila kufungua macho. Huyu tunamwita Dozi, kana kwamba kila siku amemeza dozi ya usingizi. Ana uwezo wa kulala akiwa ameshika kikombe cha chai na asimwage. "Wewe umeshavilalamikia vyote ishirini na vinne."

"Vile vinne nilivionea. Naomba radhi kwa vile vinne."

Beryl, mwenye jiko, alitoa kichwa kwenye dirisha la kupitishia chakula. Mkono mmoja ulikuwa na sahani ya maharage, mwingine na koleo la bekoni.

"Ngoja nielewe, wapenzi. Wanaume ishirini na wanne, baridi nyuzi tatu chini ya sifuri, mnakaa saa tano mmeshika ufito wa kuvulia wa mita kumi na sita wenye bei ya gari, juu ya maji yasiyo na samaki?"

"Bei ya gari lililotumika," Dozi alisahihisha.

"Na akipatikana samaki, mnamrudisha majini."

"Baada ya kumpima, Beryl," alisema Dozi. "Hatuwarudishi hivi hivi tu. Sisi si wendawazimu."

"Marehemu mume wangu alikuwa mlevi," alisema Beryl, akiweka sahani chini. "Nilidhani nimepata balaa. Kumbe nilibahatika."

Meza nzima ilicheka, Kigingi kuliko wote. Kisha akageuka kunitafuta.

"Katiba mwenyewe yuko wapi? Mbona leo kimya?"

Nilikuwa nyuma yake na tosti yangu. Mimi ni katibu wa mashindano ya majira ya baridi, na kanuni zote kumi na nne niliziandika mimi, kwa hiyo jina langu halihitaji maelezo. Siku hiyo nilikuwa kimya kwa sababu ya kifungu cha tisa. Kinasema hivi: mshiriki atakayetoka bila samaki katika mashindano sita mfululizo atapoteza nafasi yake, na nafasi hiyo itakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Nilikitunga miaka miwili iliyopita, kwa takwimu, nikimlenga Dozi. Dozi alitoka kapa mara tano, na mara ya sita samaki alijinasa wakati yeye anakoroma. Tangu hapo kifungu hakijamgusa mtu.

Msimu huu nilikuwa nimetoka kapa mara tano.

"Leo ni ya sita," alisema Kigingi, akinihesabia kwa vidole mbele ya wote. "Kaka, ukichemsha leo, kwaheri. Umejichongea jeneza, ukalipaka na rangi."

"Kanuni ni nzuri," nilisema. "Zinafanya kazi bila kuangalia sura ya mtu."

"Sikilizeni huyo! Anakwenda kunyongwa, anaisifu kamba."

"Na kwenye orodha nani wa kwanza?" aliuliza Dozi. Alijua jibu.

Beryl aliinua koleo. Alikuwa amesubiri miezi ishirini na sita. Ufito wake ulikuwa nyuma ya friji ya maziwa, na kila mtu alikuwa ameshauona.

"Usinitazame hivyo, mpenzi," aliniambia. "Mimi nakuombea samaki. Mmoja tu. Lakini siombi kwa nguvu."

Niseme jambo moja ili hesabu ikamilike. Nilistaafu ualimu wa hisabati miaka sita iliyopita. Tangu hapo, kwa wiki, siku pekee ambayo mtu ananiita kwa jina ni Jumamosi, na jina lenyewe ni Katiba. Aliyepoteza nafasi huenda mwisho wa orodha na kusubiri mpaka zamu yake ifike tena, na orodha ilikuwa na watu tisa. Kwa kasi ya Beryl, hiyo ni miaka kumi na tisa. Nina umri wa miaka sabini na moja.

Saa mbili kasorobo tulipiga kura ya kugawana vigingi. Namba ziko kwenye vidonge vya plastiki ndani ya mfuko wa turubai, na katibu, kwa kuwa ndiye anayeshika mfuko, huchukua cha mwisho. Fundi bomba kutoka Goole alitoa kumi na nne, akapigiwa miluzi. Dozi alitoa kumi na moja, akarudi kukaa kana kwamba amepokea barua ya benki. Kigingi aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akakoroga, akatoa kumi na tatu. Hakushangilia. Uso ulimshuka.

"Sasa nikitoka kapa nitasema nini?" aliuliza. "Jamani, mimi nimezoea kuonewa. Sijajiandaa kwa hili."

Nilikuwa naandika namba zinavyotoka. Mtu wa ishirini na tatu alipotoa yake, sikuhitaji kuingiza mkono mfukoni. Iliyobaki ilikuwa kumi na mbili.

"Haiwezekani!" Kigingi alipiga meza. "Katikati kabisa! Umekaa juu ya kichwa cha samaki! Katiba, leo hata ukivulia mswaki unapata."

Beryl alirudisha kichwa ndani. Tulisikia friji ikifungwa.

Kuanzia hapa makosa ni yangu. Bwawa lilikuwa limeganda, na kila mvuvi huvunja barafu mbele ya kigingi chake kwa kurusha chuma kizito kilichofungwa kamba. Dozi alirusha mara mbili, akapata tundu la ukubwa wa sinia ya chai, akasema limetosha, akakaa kwenye sanduku lake. Wale wa vigingi vibovu hawakujisumbua zaidi ya hapo. Mtu havunji mlango wa nyumba anayojua haina mtu. Mimi nilikuwa na mchoro wa Raistrick mfukoni. Mchoro ulisema mita kumi na tatu. Nilitaka boya la ndoano yangu likae mita kumi na tatu, si kumi na mbili na nusu. Nilirusha chuma kwa dakika ishirini na tano, mpaka nikapata uwazi wenye pembe nne zilizonyooka.

"Katiba, inatosha!" alipiga kelele Kigingi kutoka upande wangu wa kulia. "Unatafuta mafuta?"

"Nafuata vipimo."

"Vipimo vya nini? Umewapigia samaki ngoma juu ya dari tangu alfajiri!"

Saa tatu kamili nilipuliza filimbi ya kuanza. Filimbi ni kazi ya katibu, na kwa kifungu cha nne saa ya katibu ndiyo saa ya mashindano. Niliweka funza wawili kwenye ndoano, nikausukuma ufito hadi mita kumi na tatu, nikaliweka boya katikati kabisa ya uwazi wangu. Halikutikisika. Saa nne halikutikisika. Saa tano lilianza kuganda mahali pake.

Samaki walikuwa wamehama. Ushahidi ulikuwa kushoto kwangu. Dozi, mwenye tundu la sinia, alikuwa anaamshwa na samaki kila baada ya dakika kumi. Ufito ulimteleza mapajani, akashtuka, akavuta, akatia wavuni, akalala. Kufikia saa sita alikuwa na samaki kumi na tisa, na alikuwa ameanza kulalamika.

"Jamani, kuna mtu anaweza kuwaambia wapunguze? Leo sijapumzika kabisa."

Kigingi alikuwa na wawili, wadogo. Saa sita na nusu alisimama juu ya sanduku lake, mikono juu, uso umejaa furaha.

"Nimepata! Nimepata cha kulalamikia! Kigingi kilikuwa kizuri, jirani ndiye mbovu!"

"Kaa chini, unawatisha waliobaki," nilisema.

"Waliobaki? Mzee, kwako wamebaki wendawazimu na viziwi tu."

Saa saba na dakika hamsini na mbili boya langu lilizama. Halikutetemeka kwanza, halikuinama; mara halikuwepo tena. Niliinua ufito, na mpira mwembamba unaopita ndani ya ncha yake ukatoka, ukarefuka mita moja, mbili, nne, ukienda chini ya barafu upande wa Kigingi. Alikuwa samaki mkubwa. Aina yake sikuweza kuithibitisha wakati huo.

"Amenasa!" Kigingi aliutupa ufito wake. "Katiba amenasa! Dozi, amka, bwana, historia hii!"

Watu walianza kuja kwa miguu ukingoni, jambo ambalo kifungu cha saba kinakataza. Sikuwakemea. Beryl alitoka na aproni, akasimama nyuma yangu, mikono kifuani.

"Taratibu, mpenzi," alisema. Nadhani alikuwa anasema na mimi.

Samaki alikwenda kulia, akarudi, akakaa chini. Nilirudisha ufito nyuma kipande kwa kipande mpaka nikabaki na vile viwili vya mbele. Vidole sikuvihisi tena. Filimbi nilikuwa nimeiweka kati ya meno, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi na saa nane ilikuwa inakaribia. Kifungu cha tano kinasema samaki anahesabiwa akiwa nje ya maji kabla ya filimbi ya mwisho.

"Saa ngapi?" aliuliza Dozi, aliyekuja na mto wake.

Niliangalia mkono. Saa saba, dakika hamsini na tisa, sekunde arobaini.

"Tema hiyo filimbi!" Kigingi alininong'oneza sikioni, kwa sauti iliyofika upande wa pili wa bwawa. "Imeze! Nani atakuuliza? Sisi wote hapa vipofu. Jamani, si vipofu sisi?"

"Vipofu!" waliitikia.

Samaki aliibuka. Alikuwa na upana wa mkoba wa mwalimu. Nilipitisha wavu wa mkono chini yake. Kichwa kiliingia, mkia ulikuwa bado unapiga maji. Mshale wa sekunde ulifika juu.

Nikapuliza.

Sekunde nne baadaye nilimwinua.

Kigingi alivua kofia na kuitupa kwenye barafu.

"Umepuliza! Mdomo wako mwenyewe! Mtu anakabwa koo, na bado filimbi anaipuliza!" Akatoa simu mfukoni, akaiangalia, akaniwekea usoni. "Subiri. Subiri kwanza. Simu yangu inasema saa saba na hamsini na nane. Dozi, yako?"

"Hamsini na nane."

"Hamsini na nane," alisema fundi bomba.

"Saa yako inakimbia dakika mbili! Samaki ni halali! Ana dakika mbili za ziada, huyu!"

Ilikuwa kweli. Saa yangu huwa naiweka mbele dakika mbili nisichelewe kwenye kura. Lakini hesabu haikuishia hapo, na nililazimika kuwaeleza.

"Filimbi ya kuanza niliipuliza kwa saa hii hii. Tulianza dakika mbili mapema, tumemaliza dakika mbili mapema. Saa tano zimetimia. Na kifungu cha nne kiko wazi."

Kigingi alimgeukia Dozi. "Huyu mtu anajitetea au anajishitaki?"

"Anafundisha," alisema Dozi, akarudi kulala.

Nilimweka samaki kwenye mizani kwa ajili ya kumbukumbu. Ratili kumi na moja na aunsi sita, mkubwa kuliko samaki yeyote wa siku hiyo. Nikamrudisha majini. Alikwenda moja kwa moja upande wa Dozi. Kwenye karatasi ya matokeo, mbele ya kigingi namba kumi na mbili, niliandika sifuri.

Ndani ya mkahawa nilikata jina langu kwa rula, nikaandika la Beryl mahali pake, kisha nikaandika langu mwishoni mwa orodha ya wanaosubiri. Beryl alisoma yote mawili. Alikwenda nyuma ya friji, akatoa ufito wake, akaulaza juu ya meza kati ya vikombe, akaufuta vumbi kwa kitambaa cha vyombo. Baadaye akaangalia jiko, akatuangalia sisi.

"Katiba," alisema, "Jumamosi ijayo mimi nitakuwa kwenye kigingi. Chai atapika nani?"

Watu ishirini na watatu walinigeukia kwa pamoja.

"Hakuna kifungu kinachohusu chai," nilisema.

"Basi kiandike, mpenzi."

Nilikaa, nikatafuta kalamu, nikaandika kifungu cha kumi na tano: chai ya Jumamosi itapikwa na katibu.