Kabati Lililovuliwa Kofia

Leo nimeaibika mpaka punda akaniangalia vibaya. Nawaambia mwenyewe, kwa sababu nusu ya mji wetu wa Zombe tayari inajua.

Mwaka jana nilimzika mke wangu, Mwende. Jeneza lilitengenezwa na Mutua, fundi wa hapa sokoni, kwa mbao za mukau, mti wetu mgumu wa huku. Lilikuwa zuri. Watu walilisifu wakasahau kunipa pole. Mama mkwe akasema, "Mutua amemheshimu mtoto wangu." Neno hilo limenikaa kooni tangu siku ile. (Ndiyo, nilimwonea wivu mtu kwa sababu ya jeneza. Niacheni.)

Mwende alikuwa amemwahidi mama yake kabati la vyombo. Nikaamua kulitengeneza mwenyewe, kwa mukau huo huo, mama aone hata mimi nina mikono. Sijawahi kutengeneza hata kigoda. Miezi minne nimepiga randa nyuma ya jiko. Likatoka refu, jembamba, lenye rafu tatu. Ubavuni nikatia vishikio vya kung'aa, viwili kila upande, kama vya Mutua. (Siku ya mazishi nilivitazama kuliko nilivyomsikiliza pasta.)

Asubuhi nikalilaza kwenye mkokoteni wa punda. Kwa ajili ya vumbi nikalifunika shuka nyeupe. Nyinyi mshaona ninakoelekea. Mimi sikuona.

Sokoni mzee mmoja akavua kofia. Nikamsalimu. Muuza ndengu akazima redio. Nikafikiri, leo watu wana adabu. Kugeuka, nafuatwa na watu kama kumi na watano, kimya, Mutua mbele yao na kofia kifuani. Kina mama wawili wakaanzisha wimbo.

"Mutua, rudini. Ni kabati."

"Pole, ndugu," akajibu taratibu, kama anaongea na mgonjwa. "Wewe tembea tu."

Tukafika kwa mama mkwe. Huku kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe ovyo. Unasimama mbali, macho chini, unangoja kuongeleshwa. Nikasimama hivyo langoni. Jamani, ndivyo anavyosimama mtu aliyeleta habari ya kifo.

Mama akatoka jikoni. Akaona shuka. Akaona vishikio. Akaketi chini palepale.

"Ni nani tena?"

Mutua ndiye aliyefunua shuka, akavuta mlango. Rafu tatu. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tumzike Mwende, mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Baba Mutheu, hili ndilo kabati la Mwende?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi lisimamisheni, vyombo viingie."

Likasimama. Likayumba kidogo. Mama akamgeukia Mutua. (Bila shaka. Nani mwingine?)

"Wewe ni fundi. Unalionaje?"

Mutua akapapasa viungo, akagonga ubavu, akainama akatazama chini yake.

"Kama kabati, linayumba," akasema. "Kama jeneza, limeshinda langu."

Maneno hayo ya mwisho nimeyangoja mwaka mzima, na siwafichi, nimefurahi. Ila tafadhali, mtu asiniletee oda.