Života na Tandu Mweusi wa Meza ya Pilipili

Pulikani, enyi mlioketi na mlio njiani! Teremsheni vyungu, nyamazisheni watoto, kwani leo yanenwa makuu: habari za Života Mitić wa mji wa Leskovac, mwalimu wa jiografia mstaafu, Bwana wa Lehemu, Mvuta Nyaya asiyechoka, aliyeingia vitani jikoni kwake mwenyewe na, mbele ya macho ya mama mkwe wake, akamtiisha tandu mweusi wa miguu arobaini.

Tandu huyo hakuwa mdudu. Alikuwa kichakataji, ule ubongo wa kompyuta, aina ya Z80, mkongwe wa enzi ambazo kompyuta nzima ilijua machache kuliko simu ya leo ikiwa imezimwa. Života alimpenda tangu ujana. Akiwa mvulana alijaribu kuunda kompyuta kwa kufuata michoro ya gazetini. Haikuwaka, na baba yake, bila hata kumpa pole, akalitwaa kasha lake akahifadhia misumari. Jeraha lile halikupona. Akaoa, akafundisha mito na milima, akastaafu, nalo bado linavuja. Ndipo siku ya mtakatifu wa ukoo, pombe kali ya rakija ikimtembea mishipani, akasimama mbele ya jamaa zake wote akaapa kwamba ataiunda upya kwa mikono yake miwili, nayo itahesabu.

"Itahesabu nini?" akauliza shemeji yake Tihomir, mtu wa tumbo kubwa na huruma ndogo.

"Itajumlisha!"

"Haya. Ikimaliza kujumlisha, mwambie dada yangu Verica aiombe ikukatie kuni."

Wakacheka hata wale wasiosikia vizuri. Tangu siku hiyo shujaa akaiteka meza kubwa ya jikoni. Nyaya zikapiga kambi kutoka kona hadi kona, televisheni ya zamani ikapandishwa kutoka stoo ikawekwa kama mnara wa ngome, na watu wa nyumba ile wakala supu wameshika bakuli magotini. Verica, mkewe, akavumilia kama avumiliavyo mtu anayeuguza homa ambayo lazima siku moja itashuka.

Lakini Septemba ikaja, na Leskovac Septemba haiji peke yake. Huja na magunia ya pilipili hoho nyekundu. Zinachomwa, zinamenywa, zinasagwa na kupikwa mpaka ziwe ajvar ya kupaka mkate majira yote ya baridi, na nyumba isiyo na ajvar haimtazami jirani usoni. Ajvar nayo inataka meza.

"Života," akasema Verica asubuhi ya Jumamosi, gunia kiunoni, "pilipili ziko motoni uani. Zikiiva nataka meza yangu. Sikuulizi, nakuarifu."

Shujaa akainuka, chuma cha kulehemu mkononi mithili ya mkuki, akanena: "Ewe mwanamke uliyepita milima kwa subira! Je, jeshi lililofika langoni mwa ushindi lirudi nyuma kwa ajili ya mboga? Wajukuu wa wajukuu zetu watasema nini?"

"Watasema wana njaa."

Naye bibi Stamenka, mama mkwe, akisafisha chupa pembeni, akaguna: "Marehemu mume wangu alikuwa mlevi, baba. Lakini ulevi wake haukuhitaji meza."

Basi vita vikawaka. Života akatia umeme: taa nyekundu ikang'aa, kioo cha televisheni kikabaki giza tupu. Akapapasa waya baada ya waya. Akaulaani umeme wa mji, akaulaani unyevu, akalilaani jicho baya la Tihomir. Mara moshi ukajaa chumbani! Akapiga ukelele, akang'oa plagi, akaikumbatia mashine yake kama mama akumbatiavyo mwana aliyetolewa mtoni.

"Ni pilipili hizo," akasema Stamenka. "Funga dirisha."

Hapo Tihomir akaingia amejibebea kiti na kipande cha mkate. "Nimekuja kuona, shemeji. Ni uzazi au ni msiba? Nijue kama nivue kofia."

Verica aliingia na beseni la pilipili zinazofuka mvuke, akaona meza, akaona uso wa mumewe, akaliweka beseni sakafuni. Huruma ile ilimchoma kuliko dhihaka zote. Shujaa akainamisha kichwa. Akachukua kisu, akamng'oa tandu polepole kutoka kwenye soketi, kiti chake, ili akamzike ndani ya kasha, akampindua chali.

Na hapo akauona. Mguu mmoja haukuwa umeingia tunduni mwake. Ulikuwa umejikunja chini ya tumbo. Si umeme, si unyevu, si jicho la mtu. Ni yeye mwenyewe aliyeukunja kwa dole gumba lake.

"Verica! Kibanio chako cha nyusi!"

"Cha nyusi zangu?"

"Nakuomba," akasema kama mvulana, na safari hii hapakuwa na hotuba. Verica akaenda akakileta.

Akaunyoosha mguu ule, ambao kwa uzee wake ungeweza kukatika kwa pumzi tu. Tihomir akaacha kutafuna. Tandu akarudishwa kitini, umeme ukatiwa, kioo kikapepesa. Života akabonyeza mbili, akabonyeza alama ya kujumlisha, akabonyeza mbili tena. Kompyuta ikatafakari. Kisha juu ya kioo, kubwa, ya kijani, ikatokea: 4.

"Hiyo hata mimi naijua," akasema Tihomir.

"Uliijua kwa fimbo," akasema Stamenka, aliyemzaa. "Na ulichukua muda mrefu kuliko huyu."

Života akalia. Verica akamfuta machozi kwa kidole chenye maji ya pilipili, naye akalia zaidi. Kisha mashine ikahamishiwa dirishani, kitambaa kikatandazwa, na shujaa akapewa kisu na rundo lake la kumenya kama watu wengine.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na mchonge, enyi wenye mawe: siku hiyo, mjini Leskovac, kwa mkono wa Života Mitić, mbili na mbili zilikuwa nne. Zimebaki nne hadi leo. Na watu wanapita sokoni wakihesabu chenji zao, wala hakuna hata mmoja anayemshukuru.